Chombo cha Kumpelekea Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Siku ya sita bila Tukuswiga. Nimekula ugali na chumvi. Katikati ulikuwa mbichi. Baridi ya Tunduma mwezi huu haina huruma, na pembe moja ya kitanda changu bado imekaa juu ya matofali.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mke wangu amerudi kwao Ikinga, kule Ileje, kwa sababu ya mguu wa kitanda. Mimi ni mkereza. Nafunga kipande cha mti kwenye mashine, kinazunguka, nakitoboa na kukichonga kwa patasi mpaka kinakuwa bakuli, au kopo, au chombo cha maua. Kazi hiyo inataka mti mkavu, na mti mkavu hapa mjini ni shida. Mguu wa kitanda chetu ulikuwa wa mninga, umekaa ndani miaka minane, mkavu kabisa. Nikaukata. Nikaweka matofali matatu mahali pake. Nikapata kikopo cha kuwekea vijiti vya meno, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza.

Matofali yakateleza. Tukuswiga akaanguka, nyonga ikavimba. Alilia kidogo tu, halafu akaniuliza kama wanawake wengine wa mtaa wetu wa Sogea nao waume zao hupunguza miguu ya vitanda, au ni yeye peke yake. Nilimwonyesha kikopo. Kesho yake akaenda kwao.

Leo amekuja Emanueli, mshenga wetu, ambaye pia ni mzee wa kanisa na hupenda kukohoa kabla ya habari mbaya. Amekohoa sana. Ujumbe kutoka Ikinga ni huu: kikao ni Jumamosi ya tarehe 21. Niende mwenyewe mbele ya mama mkwe na wazee wa ukoo. Mama mkwe hataki kitenge wala sukari. Anataka kuona mkono unaovunja vitanda unaweza kutengeneza nini. Akiridhika, Tukuswiga anarudi nami siku hiyohiyo. Asiporidhika, binti yake atabaki kuvuna kahawa, na mambo ya mwakani yatajulikana mwakani.

Kisha Emanueli akaniapisha kwamba sitagusa tena kitu chochote cha mti kilichomo ndani ya nyumba. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wote, nikiwa nimekaa kwenye kigoda ambacho ni cha mti wa mkongo, kikavu sana.

Nitatengeneza chombo kikubwa chenye kifuniko. Siku kumi na mbili zinatosha.

Jumanne, 10 Juni

Nimenunua gogo la mninga kwa Clever, muuza magogo. Limetoka Msangano. Clever aliapa kuwa limekaa kivulini miaka miwili. Nilipoligonga lilitoa sauti ya kitu kilichojaa maji, lakini Clever alikuwa anaendelea kuongea, kwa hiyo sikuisikia vizuri.

Nikawasha mashine. Niieleze mara moja: mota ni ya pampu ya maji, kitako ni reli za kitanda cha chuma. (Kitanda kingine. Si chetu.) Juu ya reli naweka mfuko wa mchanga ili mashine isitembee. Leo imetembea hata hivyo, karibu nusu hatua, kuelekea mlangoni.

Patasi ilipoingia, gogo likatema maji. Mninga ukiwa mbichi maji yake ni mekundu. Nilitoka nje kupumua, uso wote mwekundu, shati jekundu, na Fides muoka mikate, jirani yangu, akaangusha sinia. Akanikalisha chini akanifunga kichwa kwa kanga kabla sijapata nafasi ya kueleza. Watu wakajaa. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa kwenye foleni ya mpakani akashuka kabisa ili aone vizuri.

Sadoki naye alikuwa anatazama kutoka ng'ambo ya barabara. Sadoki ni mkereza kama mimi, ila mashine yake ilitoka kiwandani, ina rangi ya kijani, na haitembei. Akavuka, akaugusa ule wekundu kwa kidole, akaunusa, akawaambia watu waende zao, si damu, ni mti mbichi. Kisha akanishauri kwa sauti ya upole, mbele ya wote, kwamba gogo la namna ile hukerezwa nene kwanza, likapakwa nta, likaachwa nusu mwaka, ndipo likamaliziwa. Kana kwamba sijui. Najua sana. Aliyenifundisha kazi alinipiga kibao kwa ajili ya jambo hilohilo.

Ila sina nusu mwaka. Nina siku kumi na moja.

Alhamisi, 12 Juni

Chombo nilikimaliza jana. Kiuno kizuri, tumbo la duara. Nilikiweka dirishani nikakitazama hadi nikasahau kula.

Leo kimepasuka. Ufa umeanza mdomoni umefika kitakoni, na kidole changu kidogo kinapita. Nimechanganya unga wa mbao na gundi nikauziba. Saa sita mchana ukatokea ufa mwingine pembeni yake. Nikauziba. Saa tisa wa tatu. Nilipokishika ili niukaribie vizuri, kikagawanyika, kipande kimoja kila mkono.

Niliketi. Sikuwa na hasira, nilichoka tu. Nyumba ilikuwa kimya, na kule jikoni nje hakukuwa na mtu wa kuniambia nitoe vumbi langu kwenye unga wake. Tukuswiga alikuwa akitwanga karanga jioni, nami nikilalamika kuwa mtikisiko unaharibu mashine. Sasa hakuna mtikisiko.

Nusu ya gogo imebaki. Nina wazo. Tatizo ni maji, si mti. Maji hutolewa kwa moto.

Ijumaa, 13 Juni

Fides ana oveni ya udongo nyuma ya nyumba, kubwa, ya mkaa. Nilimwambia mikate yake ikishatoka, ule moto unaobaki unapotea bure, na kwamba kupoteza si tabia ya Mkristo. Akakubali kwa sharti moja, kwamba nisiweke ndani kitu chochote chenye harufu, maana kesho jioni anaoka mikate ya wageni wa kwaya kutoka Chitete.

Nilikereza chombo cha pili. Nikakipaka vanishi kabla ya kukiingiza. Nililiona jambo hili kuwa la akili: mti ukauke na vanishi ikauke, safari moja. Vanishi yenyewe haina harufu ikishakauka. Na ingekauka.

Fides alikwenda sokoni. Mimi nikakaa kwenye kopo la mafuta mbele ya oveni. Baada ya dakika ishirini nikasikia mlio mmoja ndani, halafu mwingine. Nilipofungua, chombo kilikuwa kimefunguka kama ua na ukingo unawaka. Nilikitoa kwa koleo, nikakizima kwenye ndoo ya maji ya kukandia. Nikabadilisha maji. Nikafagia.

Fides aliporudi akauliza imekwendaje. Nikamwambia tunaendelea vizuri.

Jumapili, 15 Juni

Sikutaka kwenda kanisani lakini Emanueli alinipitia.

Wageni wa kwaya walipewa chai na mikate baada ya ibada. Wa kwanza aliuma, akaacha kutafuna. Wa pili akanusa. Mmoja wao, mtu mzima mwenye suti, akasema taratibu kwamba mkate huu una ladha ya sofa mpya. Fides alinitafuta kwa macho benchi baada ya benchi mpaka akanipata, na hakuyaondoa tena.

Nilikula mkate wangu wote. Nilikula na wa Emanueli. Nikasema ni mtamu.

Tumbo linauma. Zimebaki siku sita, na Fides ameweka mawe mbele ya mlango wa oveni.

Jumatatu, 16 Juni

Nimewaza kwa utulivu. Mama mkwe anataka kuona chombo. Hajasema anataka kuniona nikikitengeneza.

Sadoki huuza vyombo vyake kwa Ba Faith, mama mfanyabiashara wa Nakonde, upande wa Zambia, anayevuka mpaka kila Jumatatu. Leo nilisimama mbali kidogo nikaona alivyomwaga sifa zake, natotela, natotela, yaani asante, na Sadoki anacheka kwa Kibemba chake cha sokoni. Juu ya rafu kilibaki chombo kimoja. Kirefu, cha mti wa mkora, kina kifuniko, kinang'aa. Nikamtuma Joshua, wa bodaboda, akakinunue kama vile ni cha kwake. Nilimfundisha maneno: anataka zawadi ya shangazi. Asinitaje.

Joshua amekileta kimefungwa kwa gazeti. Amesema Sadoki alimuuliza shangazi huyo anaishi wapi, naye akajibu Ikinga. Nilimuuliza kwa nini aseme Ikinga. Akasema ndilo jina lililomjia.

Jumatano, 18 Juni

Mtu yule Sadoki ana majivuno yasiyo na mfano. Chini ya chombo, kitakoni, amechoma kwa chuma cha moto jina lake lote na namba ya simu. Amechimba hasa! Nani ataamini kuwa ni kazi ya mkono wangu wakati kitako kinamwambia ampigie Sadoki?

Nikaanza kusugua kwa msasa. Jana nzima nilisugua. Jina likapungua kidogo. Leo nikakifunga kwenye mashine ili nilimalize kwa patasi. Herufi tano zikatoka. Nne zikabaki, pamoja na namba. Nikaongeza. Zikabaki mbili. Nikaongeza kidogo tu, kidogo kabisa, na ghafla nikaona mwanga.

Tundu la ukubwa wa yai. Nikitazama kutoka juu naona kiatu changu.

Sadoki alitokea mlangoni wakati huo. Nadhani Joshua kamwambia. Sikuwa na muda wa kuficha. Alikitazama chombo chake, akanitazama mimi. Nilitegemea acheke, na nilikuwa na maneno tayari. Hakucheka. Alisema amesikia habari za Ikinga, kila mtu amesikia, na kwamba yeye ana kipande cha mkongo, kikavu miaka sita, kinatosha kazi yangu, nikakichukue hata leo. Bure. Hata mashine yake niitumie kama nataka.

Nikamwambia asante, nina mti wangu.

Akauliza upi. Nikasema upo. Akaondoka. Nikakaa na chombo kisicho na kitako mapajani. Sipendi kuhurumiwa na mtu mwenye mashine ya kijani.

Alhamisi, 19 Juni

Nilikuwa na mti, kweli. Nilikuwa nao siku zote.

Asubuhi niliingia jikoni kutafuta kiberiti. Jiko letu ni kibanda cha nje, hatua tisa kutoka mlango wa nyuma. Kule pembeni kiko kinu cha Tukuswiga, na mchi wake umeegemea ukuta. Kinu cha mninga, cha zamani. Alikuja nacho siku ya harusi, mama yake alimpa. Nikakigonga. Kililia kama kengele.

Mti wa miaka thelathini na zaidi. Hauna tone la maji. Na zaidi ya hapo, umeshatobolewa. Nusu ya kazi mtu mwingine alishaifanya.

Nilifikiri juu ya kiapo. Sikukurupuka. Nilikaa juu ya kinu chenyewe nikakipima kiapo neno kwa neno. Niliapa kutogusa kitu cha mti kilichomo ndani ya nyumba. Jiko liko nje. Emanueli mwenyewe akija huuliza kama mke wangu yuko ndani au yuko jikoni, maana yake hata yeye anajua kuwa ni mahali pawili tofauti. Na siku hizi nani anatwanga? Mashine za kusaga ziko kila kona. Tukuswiga akirudi nitamnunulia kinu kingine, cha kisasa, na atakuwa na furaha ya kurudi hata asiulize.

Nilikata ukingo wa juu uliokuwa umelika. Nikakifunga kitako kwenye sahani ya chuma ya mashine kwa skrubu nne. Nikawasha.

Mashine haikutembea. Sijui niseme nini zaidi. Patasi iliingia na mti ukatoka utepe mrefu, mwembamba, unaanguka miguuni bila kukatika. Mti ulipopata joto ukatoa harufu ya karanga za kukaanga, nyumba nzima ikanuka sikukuu. Nilikereza kutwa. Sikula. Ubavu ukawa mwembamba, ukigongwa unaimba. Miaka kumi na nne katika kazi hii, na leo ndiyo mara ya kwanza mikono yangu imefanya kile nilichokiona kichwani.

Nililia kidogo. Vumbi pia lilikuwepo.

Ijumaa, 20 Juni

Leo mapambo. Ukishikilia waya kwenye mti unaozunguka, moshi unatoka na mstari mweusi unabaki, safi, mzunguko mzima. Nimeweka mistari mitano. Nimepaka kiwi ya kahawia nikasugua kwa soksi mpaka nikaiona sura yangu. Imechoka sura yangu.

Kifuniko hakipo. Nikiulizwa nitasema ndio mtindo.

Nilipokifungua kwenye sahani ya chuma niliona chini ya kitako, katikati ya matundu ya skrubu, alama tatu fupi zilizochomwa, zimepangwa sambamba. Zimefifia. Labda aliyeuza kinu aliweka alama ya bei. Nilitaka kuzifuta, halafu nikakumbuka lile tundu la juzi, nikaacha. Na kusema kweli zinapendeza. Sadoki ana jina na namba ya simu. Mimi nitakuwa na mistari mitatu, kistaarabu. Nilipasha msumari moto nikazipitia upya, moja baada ya nyingine, mpaka zikakolea. Matundu ya skrubu nimeziba kwa unga na gundi.

Kesho asubuhi naondoka na Emanueli. Nimefua shati. Wekundu umebaki kwenye kola.

Jumapili, 22 Juni

Jana sikuandika. Leo nitaandika yote kisha sitayarudia.

Tulishuka Itumba tukapanda bodaboda hadi Ikinga. Ukungu, baridi, kahawa imeiva mpaka barabarani. Nilibeba chombo kifuani chini ya koti, na kila mara nilikinusa.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, na wazee wawili wa ukoo kwenye benchi. Yonasi, kaka yake Tukuswiga, alisimama mlangoni. Nyuma yake nilimwona Tukuswiga. Alikuwa amesuka nywele. Pembeni ya mguu wake kulikuwa na begi, limefungwa zipu. Nilipoliona begi lile nilielewa kuwa alikuwa amekwisha kuamua kurudi, na kikao ni heshima tu kwa wazee.

Emanueli akakohoa, akasema ya kwake. Mimi nikaomba radhi kwa ajili ya kitanda. Nikatoa chombo, nikakipokeza kwa mikono miwili.

Kilipita kwa mzee wa kwanza akakigonga kwa kucha, kikalia, akamtazama mwenzake. Wa pili akapitisha kidole kwenye mistari. Yonasi, ambaye hajawahi kunisifia kitu, akasema kumbe shemeji unaweza. Tukuswiga akatabasamu. Alijificha kwa mtandio, lakini nilimwona.

Mwisho kikafika kwa mama. Alikishika muda mrefu. Aliniuliza mti mkavu namna hii nimeupata wapi. Nikasema Msangano, kwa Clever, miaka miwili kivulini. Akakigeuza. Akauliza alama hizi tatu chini nimeziweka mwenyewe.

Nikasema ndiyo, Mama. Ni alama yangu. Naiweka kwenye kila kazi, mwaka wa tano huu.

Akaniomba nimwonyeshe ninavyoziweka. Nikamwonyesha kwa kidole hewani: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaongeza kuwa siri ni kutokaza mkono. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayejifunza. Halafu akakiinua akaingiza uso ndani yake, akavuta pumzi, na hakuutoa upesi.

Alipoutoa alisema, si kwa ukali, “Mume wangu alikichonga kinu mwaka aliponioa. Kila nilipojifungua alikiinamisha, akachoma alama moja chini. Ya kwanza ni ya marehemu Gwantwa. Ya pili Yonasi.” Kisha akamtazama binti yake. “Ya tatu wewe. Hukujua, kwa sababu anayetwanga haoni chini ya kinu.”

Hakuna aliyepaza sauti. Ningefurahi mtu angepaza sauti. Tukuswiga alikuja akakichukua kile chombo mkononi mwa mama yake, akatazama chini ya kitako, akagusa alama ya tatu kwa kidole gumba. Nadhani bado ilikuwa na masizi ya msumari wangu. Akakirudisha. Akaniuliza kitu kimoja tu, kama nilikiona kinu kikizunguka kwenye mashine nikamkumbuka hata kidogo. Nikasema nilimkumbuka sana, kwa sababu ya harufu ya karanga. Ilikuwa kweli. Haikusaidia.

Akaliinua begi akaingia nalo ndani.

Walinipa chakula, ugali na maharage, na walinikaribisha vizuri, nikala huku shingo ikiniuma kwa kuinama. Mama mkwe hakula. Alikaa na kile chombo mapajani muda wote, mkono mmoja juu ya mdomo wa chombo, kama kina kitu ndani.

Wakati wa kuondoka aliongea na Emanueli, si na mimi. Alisema kinu kimekwenda, basi. Ila mchi ulitoka kwenye mti uleule, siku ileile, na ndio pekee uliobaki wenye mkono wa mzee wake. Anaomba mchi urudi nyumbani. Emanueli aufuate Jumatano, aulete Ikinga. Mchi ukifika, yeye na binti yake watakaa waongee, na pengine Tukuswiga atanipigia simu. Alisema pengine.

Njia nzima Emanueli hakukohoa hata mara moja.

Jumanne, 24 Juni

Siku mbili nimelala. Leo nimeamka. Fides amepita bila kunisalimia. Sadoki sikumwona, lakini asubuhi nilikuta kile kipande chake cha mkongo kimewekwa kizingitini. Hakuna maneno, kipande tu. Kikavu, kizito, kizuri. Anataka nimshukuru, najua.

Nilikwenda jikoni kuuangalia mchi. Uko palepale ukutani, pembeni ya duara la vumbi ambapo kinu kilikaa. Nilitaka kuufunga kwa gunia uwe tayari kwa ajili ya Emanueli. Nikaufunga. Nikakaa nao.

Nilimwaza mama mkwe akiupokea. Fimbo iliyotobokatoboka, kichwa kimelika, ina weusi wa mikono. Ataiegemeza ukutani, na kila akiitazama atakumbuka kuwa kinu chake hakipo. Hayo ni mateso. Mchi bila kinu ni kitu cha kuhuzunisha sana kumpelekea mjane. Na mwenyewe alikipenda chombo, kila mtu aliona, hakukiweka chini hata wakati wa chakula. Kosa halikuwa kazi. Kazi hakuna aliyeilaumu. Kosa lilikuwa kutosema mapema.

Sasa nitasema mapema. Nimefungua gunia.

Mchi una urefu wa kutosha vyombo vitatu vidogo vya maua, vyembamba, vya kuandamana na kile kikubwa. Seti. Alisema mchi urudi nyumbani. Hakusema urudi ukiwa na umbo gani. Kila kipande kitarudi, hata utepe nitaufunga kwenye mfuko. Na chini ya kila kimoja nitachoma alama za mzee, kwa heshima, na safari hii nitaeleza wazi kuwa ni zake. Ila nitaweka nne. Ya nne ni yangu. Mkwe ni mtoto.

Mfuko wa mchanga ulipasuka nilipokuwa Ikinga. Nimeweka juu ya reli kile kipande cha Sadoki badala yake. Kimekaa vizuri sana, mashine haitikisiki kabisa.

Umeme upo. Emanueli anakuja kesho saa mbili. Nikikaza mkono namaliza leo.